Kitambaa cha Kufutia Kahawa

Darlene Mlinar hakujiunga na mafunzo ya mambo ya nje kwa kuyapenda mambo ya nje. Alijiunga baada ya kusikia kwamba Garrick Whitlow angekuja siku moja kuzungumza na darasa.

Mafunzo hayo tunayajua sote tunaofanya kazi Kilimani, chini ya kuba jeupe la Bunge hapa Washington. Kila masika taasisi moja ya wasomi huwakusanya wasaidizi wa wabunge na maseneta, Ijumaa mchana, wakubwa wetu wakiwa wamekwisha kupanda ndege kurudi majimboni. Inatulisha mkate wenye nyama ya bata mzinga, inatutundikia ramani ukutani, na inatufundisha dunia, ili mheshimiwa akikuuliza ghafla mlango fulani wa bahari uko wapi usimwonyeshe ziwa. Wengi darasani ni vijana ambao suti zao bado zinawavaa wao. Darlene alikuwa amepita hamsini. Kwa Seneta Halvorson alishughulikia mashamba, posta, na malalamiko ya askari wastaafu. Alikaa mstari wa nyuma kando yangu, raba miguuni, viatu vya ofisini ndani ya mfuko, na Ijumaa ya kwanza nilimuuliza mtu wa posta amefuata nini kwenye mambo ya nje.

"Nimefuata mtu," akasema, akaendelea kula.

Nilidhani ni mambo ya mapenzi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba chuki nayo humfanya mtu apige pasi blauzi yake mapema.

Kilimani msaidizi hana jina. Hotuba ukiiandika ni ya mheshimiwa, sheria ukiitunga ni ya mheshimiwa, na ukikosea, kosa pia ni la mheshimiwa. Atalibeba mbele za watu, kisha akugombeze mlango ukiwa umefungwa. Hayo ndiyo makubaliano yetu, na hakuna aliyeyaandika popote. Tunalipwa kidogo, tunakunywa kahawa iliyopoa, tunazeeka kabla ya siku zetu, na badala yake tunapewa kivuli cha kukaa.

Darlene alikulia Eveleth, kaskazini mwa Minnesota, kwenye machimbo ya chuma, na kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kwa mbunge wa kwao. Whitlow ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ile. Ikafika siku mbunge akaalikwa kuzungumza na wajane wa wachimbaji waliokufa kwa vumbi la mapafuni. Darlene akamwandikia kwamba fidia yao imependekezwa na huenda ikapita mwaka utakaofuata. Whitlow aliisoma karatasi ile, akasema maneno ya huenda-huenda yanamwonyesha mheshimiwa mnyonge, akayakata. Mbunge akasimama ukumbini mwa kanisa, akawaambia wajane kwamba fidia imepita. Walilia, wakamshika mikono. Mmoja alikwenda kesho yake kukopa, amnunulie mumewe jiwe la kaburi. Ukweli ulipofichuka, magazeti yalimvaa mbunge. Whitlow akainua simu, akawapa waandishi jina la mtu wa kuvaliwa badala yake. Darlene Mlinar, msaidizi, ndiye aliyempotosha mheshimiwa.

Mama yake Darlene alilisoma jina hilo kwenye gazeti la Eveleth, akiwa amekaa jikoni kwake. Alikuwa mwokaji wa potitsa, ule mkate wa kuviringisha wenye njugu na asali ambao Waslovenia wa machimboni hawaijui Krismasi bila huo. Kila mwaka aliupeleka kanisani. Mwaka ule aliuoka vilevile, akaufunga kwa taulo la jikoni, akafika hadi mlangoni, akawaona wajane wameketi mstari wao wa mbele, akageuka nao nyumbani. Hakwenda tena. Alifariki kabla theluji haijayeyuka, na Darlene alipokwenda kufungasha vitu vya marehemu aliukuta mkate ule kwenye friza, mzima, umefungwa kwa taulo lake.

"Niliukata, nikala peke yangu hadi ukaisha," aliniambia. "Ulikuwa mgumu kama tofali. Kila tonge nilimtaja yule bwana kwa jina."

Baada ya hapo hakuna ofisi ya Kilimani iliyomtaka. Alipokea simu kwenye chama cha madaktari wa meno, akajibu malalamiko ya watu wenye jino bovu, mpaka Seneta Halvorson alipotafuta mtu wa mashamba. Mzee huyo wa Dakota Kaskazini huzungumza kama anayevuka barafu, akipima kila hatua. Alimuuliza kama ni yeye yule wa magazetini. Akasema ndiye. Akamuuliza kama alikosea. Akasema hapana. Mzee akafikiri mpaka chai ikapoa, kisha akamwambia aanze kazi Jumatatu.

Mwalimu wetu wa Ijumaa alikuwa balozi mstaafu, mama mwembamba mwenye fimbo, na darasa lake lilikuwa na amri moja: yanayosemwa humu hayatoki nje na jina la aliyeyasema. Kwa amri hiyo wageni hufunguka. Siku nyingine alitufundisha kuuliza maswali, maana nusu ya kazi yetu ni kuwaandikia wakubwa maswali ya kuwahoji watu. Akasema swali la kugombeza humfunga mtu mdomo. Mnayetaka aseme kweli mpeni kiti, mpeni na mto wa kuegemea, kisha nyamazeni. Nilimtazama Darlene. Alikuwa ameacha kutafuna.

Whitlow alikuja Ijumaa ya mvua. Alikuwa ameacha kazi ya Bunge zamani na alikuwa akiyashauri makampuni. Mashavu yamejaa, nywele zimekaa sawasawa kama nyasi za uwanja wa gofu. Alizungumza vizuri, hilo sitamnyima. Mwishoni akatupa kichekesho. Alisema aliwahi kwenda Timor-Leste, nchi ndogo ya kisiwani kusini-mashariki mwa Asia, na ujumbe wa wabunge, na uwanja wa ndege bibi mmoja akamtundikia shingoni kitambaa chao cha heshima, tais wanaiita, kizito kama zulia la bafuni. Ndege ilipopaa ikayumba, kahawa yote ikammwagikia. Akakumbuka ana zawadi ya taifa zima shingoni.

"Nikaifutia suruali," akasema. "Na niwaambie, wale watu ufumaji wanaujua. Kitambaa kile kinakunywa kahawa kuliko seneta."

Darasa likaangua kicheko. Mlangoni akatupa mkono mmoja mmoja. Darlene akataja jina lake la kwanza, na Whitlow akasema amefurahi kumfahamu, macho yake yakiwa yamekwisha kuhamia kwa kijana wa nyuma.

"Hakukutambua?" nikamuuliza barazani.

"Amenishika kama kitasa cha mlango." Alikuwa akifuta kiganja chake kwenye sketi. "Lakini mimi nimemtambua. Yule mtu hajui kukitupa kichekesho kilichowahi kuchekesha. Nilikuwa namwona akisimulia kile kile kwa watu wale wale, mkewe amekaa kando ananyamaza kama maji ya mtungi."

Wiki iliyofuata darasa lilialikwa ubalozi wa Timor-Leste, nyumba nyembamba yenye ngazi zinazolia. Alitupokea Bi Olandina, ofisa wa pale, mwanamke mfupi wa maneno machache. Alituwekea kahawa ya milimani kwao, kisha akatuonyesha tais ya nyanya yake: nyekundu iliyokolea, mistari ya njano, na katikati mamba mdogo aliyefumwa kwa uzi mweusi. Alisema bibi huyo aliifuma akiwa amejificha milimani miaka ya vita, uzi akiufumua kwenye nguo za waliokufa, na kwao mtu akikuvisha tais amekuhesabu wa nyumbani. Vijana wa darasa waliangalia vidole vyao. Nilijua wanafikiria suruali ya nani.

Darlene aliuliza kama anaweza kuigusa. Akaigusa kwa ncha za vidole, pale kwenye mamba, akakaa hivyo kupita adabu.

Kiangazi kilipoingia Ikulu ikatangaza majina ya mabalozi wateule. Garrick Whitlow, Timor-Leste.

Nilikimbia hadi ofisini kwa Darlene. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mikono mapajani, kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuwahi hata kukiomba. Nikamwambia kazi imekwisha, ninaye rafiki gazetini, nimpigie simu moja tu.

"Na useme kile kichekesho ulikisikia wapi?"

"Si lazima niseme."

"Amri ya darasa je?"

"Darlene, mtu kakumaliza, wewe unakumbuka amri ya darasa?"

"Yeye ndiye aliyelitoa jina langu nje," akasema. "Nikimtoa mimi, nitakuwa nimesomea kwake. Kile kichekesho atakitoa kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya kamera, na mimi nitakuwa nimekaa pale pale nikimtazama usoni."

Mteule, kabla ya kuhojiwa na kamati ya mambo ya nje, hupita ofisi hadi ofisi akiwasalimu maseneta. Whitlow alipofika kwa Halvorson, mmoja wa wajumbe wa kamati, Darlene, aliyeongezewa mambo ya nje baada ya mafunzo, aliketi kwenye kiti cha pembeni na kalamu yake, kama ilivyo desturi. Aliniambia baadaye kwamba Whitlow alisifu picha ya trekta ukutani, akasifu jimbo, akamsifu mzee kwa ukimya wake. Darlene akamletea kahawa. Akasema asante, mama, bila kuinua uso.

Ndipo akaliandika swali. Kwa kuwa aliweza kuandika maswali ya kuchoma, mzee alipolisoma lile aliinua nyusi. Lilimwomba mteule aeleze jinsi watu wa Timor-Leste walivyompokea alipofika kwao mara ya kwanza, na yeye aliupokeaje ukarimu wao.

"Hili halina meno," mzee akasema.

"Halina, mheshimiwa. Meno anayo yeye."

Mzee akamtazama sana. "Kuna kitu unakijua na hutaki kuniambia."

"Kuna kitu ninakijua na siruhusiwi kukuambia."

"Ni yule aliyekutoa magazetini, siyo?"

Mzee akalikunja swali, akalitia mfuko wa koti, akarudi kwenye supu yake.

Jambo moja Darlene alilifanya bila kumwambia mtu. Alimwandikia Bi Olandina kumwalika kwenye kikao, akamtengea kiti mstari wa pili, moja kwa moja nyuma ya mteule, pale jicho la kamera linapoishia.

Siku ya kikao niliingia nikasimama ukutani. Maseneta wako juu kwenye meza yao ya nusu duara, wasaidizi wamebanana nyuma yao kama vivuli vya saa sita, na mteule yuko chini peke yake na bilauri ya maji. Bi Olandina alikuja na tais begani, nyembamba, ya kawaida. Alikaa wima. Alimpa Whitlow mkono, na Whitlow akaupokea kwa tabasamu, pasipo kuangalia begani.

Akajibu vizuri. Bandari, samaki, gesi, majirani wakubwa. Alikuwa amekariri kila kitu. Maseneta wawili walikuwa wakisoma simu zao. Zamu ya Halvorson ikafika, mzee akakunjua karatasi polepole, akauliza. Whitlow akamshukuru kwa swali zuri na kusema alipokewa kwa upendo mkubwa ambao hatausahau. Kisha akanywa maji. Lilikuwa jibu la ubaridi, jibu la mtu mwenye akili timamu, na nikaona shingo ya Darlene ikijaa mishipa.

Akaandika neno kwenye kadi, akainama, akaliweka kando ya mkono wa mzee. Mzee akalisoma. Darlene alikuwa ameandika: *Tabasamu.*

Seneta Halvorson hatabasamu. Wapiga kura wake wanamjua hivyo, na wameshamzoea. Lakini alitabasamu, taratibu, kama mlango wa ghala unaofunguliwa baada ya kipupwe, akangoja. Ukumbi wote ukangoja naye. Wale wawili wakainua macho kutoka kwenye simu. Whitlow akauona uso ule mgumu umelegea kwa ajili yake, akaegemea nyuma.

"Kwa kweli, mheshimiwa, kuna kisa kimoja," akasema.

Akakisimulia chote. Zulia la bafuni, ndege, suruali. Mwishoni alikipamba kidogo, akasema kile kitambaa kinakunywa kahawa kuliko yeyote kwenye meza ile. Seneta mmoja alicheka. Wa pili alianza, akamwona mwanamke wa mstari wa pili, akakimeza kicheko chake. Bi Olandina hakusogea. Alichofanya ni kuinua mkono na kuiweka sawa tais begani, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Kamera ilikuwa pale.

Sasa mzee akauliza lake mwenyewe, ambalo hakuandikiwa na mtu. "Na kitambaa hicho, Bwana Whitlow, kiko wapi leo?"

Whitlow akafungua mdomo. Aligeuka kufuata macho ya watu, akaona kilichokuwa nyuma yake tangu mwanzo.

"Nadhani nilikiacha kwenye ndege," akasema.

Jioni hiyo picha ilikuwa kwenye kila simu, huku na Dili, mji mkuu wa Timor-Leste. Mwenyekiti akaahirisha kura. Ikulu ikasema bado ina imani naye, na sisi wa Kilimani tunajua maana ya hilo. Siku chache baadaye jina likaondolewa kimya kimya.

Watu wa Whitlow walipiga simu ofisi zote kuuliza ni msaidizi gani aliyeliandika swali lile. Kwa Halvorson simu aliipokea mzee mwenyewe. Akasema, "Mimi," akakata.

Darlene alinieleza hayo tumekaa kwenye ngazi za nje, anatikisa kichwa. Ndilo neno alilolingoja kwa mbunge wa kwao miaka yote ile, neno moja tu, na sasa amelipata. Na lilikuwa limemnyang'anya kisasi chake. Whitlow angezeeka akimlaumu seneta mzee wa Dakota Kaskazini.

"Shukuru Mungu," nikamwambia. "Umekaa kivulini, adui kaanguka. Unataka nini tena?"

"Nataka ajue."

Alijua baada ya siku chache. Whitlow alikuja kumwomba mzee amsemee kwa wenzake, jina lake lirudishwe. Mzee akamsikiliza, akamwambia hapana. Desturi yetu mgeni husindikizwa hadi kwenye lifti, na msindikizaji siku hiyo alikuwa Darlene. Njiani Whitlow alikuwa akinung'unika kwamba mzee wake amemmaliza kwa swali la chekechea.

"Swali niliandika mimi," Darlene akasema. "Darlene Mlinar. Wa Eveleth."

Aliniambia uso wa bwana yule ulichelewa. Kwanza haukuwa na kitu. Kisha vikaja vile vipande, ukumbi wa kanisa, wajane, simu, na akavitazama vinavyokuja.

"Yale yalikuwa ya kazi tu," Whitlow akasema.

"Haya pia."

Lifti ikafika. Alingoja mpaka milango ikafungwa kabisa, akarudi kwa mzee, akamwambia amemvunjia kivuli. Whitlow sasa analo jina na atalitangaza. Mzee akasema jina ni lake, alitumie anavyotaka, ila ripoti ya viazisukari bado anaihitaji kabla ya chakula cha mchana.

Ningependa kuishia hapo, lakini Darlene hakuishia hapo. Jumamosi alioka potitsa, ya kwanza tangu mama yake afe, akaifunga kwa taulo la jikoni, akapanda zile ngazi zinazolia. Bi Olandina alimpokea mlangoni, bila kumkaribisha ndani.

"Ulijua atasema," akasema.

"Nilijua."

"Ukanikalisha pale."

"Nilikukalisha pale."

Bi Olandina akalitazama taulo, akaitazama barabara. Alisema kwao picha wameiona hadi vijijini, na shangazi zake wamempigia simu wakilia. Darlene hakujitetea. Alisimama ameushika mkate kwa mikono miwili kama mama yake alivyosimama nao mlangoni mwa kanisa, tayari kugeuka nao.

"Siku nyingine uniambie mapema," Bi Olandina akasema mwishowe, bila tabasamu. "Ningevaa ile ya nyanya yangu. Yenye mamba."

Akafunga mlango. Nilipomuuliza Darlene kama huo ulikuwa msamaha au tusi, alisema hajui. Mkate Bi Olandina aliuchukua.